Theluji na Matabaka Yake

Msomaji mpenzi, sisi wa nchi hii theluji twaitazama kwa mbali. Mtu wa Nyeri au wa Meru huiona asubuhi, mawingu yanapofunguka juu ya Kirinyaga, na mtu wa Taveta huiona kichwani pa Kilimanjaro. Kisha jua hupanda, mawingu yakarudi kuifunika. Mmisionari Johannes Rebmann alipotoa habari kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, alimkatalia katakata, naye bwana huyo hakuwa amepata kuuona mlima wenyewe. Lakini habari ninayotaka kukusimulia si ya milima yetu. Ni ya milima ya Alpi huko Ulaya, ambako theluji huanguka mpaka vijijini, hulala juu ya ardhi miezi mitano au sita, na kila mwaka huua watu.

Ukiuliza darasani kwa nini theluji huporomoka, utajibiwa kwamba imekuwa nyingi mno, ikashindwa kujishikilia. Ni jibu la akili, nalo lina ukweli ndani yake. Walakini halitoshi. Iko theluji nyingi isiyoondoka hata ikipigwa baruti. Na iko theluji isiyozidi kimo cha goti ambayo hukaa siku kumi juu ya mteremko, imetulia tuli, halafu apite mtu mmoja tu juu yake, na mteremko mzima uondoke pamoja naye. Sababu ya jambo hilo iko chini, mahali ambapo jicho halifiki. Wanadamu walikawia sana kuijua, na waliijua kwa gharama kubwa.

Dokezo la kwanza ni la kale. Mwaka 218 kabla ya Kristo, Hannibal wa Karthago aliivuka Alpi na majeshi yake na ndovu wake, akienda kupigana na Roma. Polybius Mgiriki, aliyeandika historia ya vita hivyo, aeleza kwamba wakati wa kushuka walikuta theluji mpya imeanguka juu ya theluji kuukuu ya mwaka uliotangulia. Ile mpya ilikuwa laini, mguu ukazama upesi. Ile kuukuu chini yake ilikuwa ngumu yenye utelezi, mguu usipate mahali pa kushika. Watu walianguka, na wanyama wa mizigo walipojaribu kuinuka waliivunja ile ya chini, wakanasa humo kama waliopigiliwa misumari. Yaangalie vema maneno hayo: theluji juu ya theluji, na kila moja na tabia yake. Miaka zaidi ya mia moja baadaye Strabo, mwanajiografia wa zama za Kaisari Augusto, akaongeza kwamba barafu za milima hiyo hulala tabaka juu ya tabaka, na kwamba matabaka ya juu huweza kuachana na ya chini, yakashuka na kuutupa msafara mzima korongoni.

Basi siri ilikwisha kutajwa tangu zamani hizo, lakini ilikaa karne nyingi bila mtu kuifuata kwa vipimo. Wakazi wa mabonde walijifunza kwa njia nyingine, njia ya makaburi. Mahali palipozikwa nyumba hapakujengwa tena. Watu wa Andermatt katika Uswisi waliandikiana hati mwaka 1397 ya kuukataza msitu ulio juu ya kijiji chao usikatwe, maana miti ndiyo iliyokuwa ukuta wao. Mwaka 1881 Johann Coaz, mkuu wa misitu wa serikali ya Uswisi, alitoa kitabu kizima juu ya maporomoko ya theluji ya nchi yake. Elimu hii ilikuwa na thamani kubwa, wala mimi si mmoja wa wanaoidharau elimu ya wazee. Lakini ilijibu swali la wapi: poromoko hupita hapa, wala halipiti pale. Swali la lini, na la kwa nini leo na si jana, lilibaki bila jibu.

Ukosefu wa jibu hilo ulionekana wazi katika Vita Kuu ya Kwanza, Waitalia na Waaustria walipokaa wakitazamana juu ya vilele majira yote ya baridi. Tarehe 13 Desemba 1916, baada ya theluji nyingi kuanguka na hewa kupata joto, poromoko liliifunika kambi ya Waaustria mahali paitwapo Gran Poz, katika mlima Marmolada. Walikufa askari wapatao 270. Kapteni wao alikuwa ameomba kambi ihamishwe, na wakubwa wake walikataa.

Hata hivyo hao waliokufa kambini walikufa kama wanakijiji: walikaa mahali pamoja, na poromoko likawajia. Jambo lililoligeuza swali lenyewe lilikuwa limekwisha kuanza kabla ya vita. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Alpi waliiga kutoka Norway zile mbao ndefu za kuvaa miguuni ziitwazo skii, na kwa mbao hizo mtu aliweza kupanda milima wakati wa baridi na kushuka kwa kuteleza, jambo ambalo wazee wake wasingethubutu. Zamani poromoko lilimfuata mtu. Sasa mtu alilifuata poromoko. Tena mara nyingi alilisababisha mwenyewe, kwa uzito wa mwili wake.

Mmoja wa watu hao alikuwa Mjerumani Wilhelm Paulcke, ambaye mwaka 1897 alivuka na wenzake milima ya Bern kwa skii. Kazi yake ilikuwa jiolojia, yaani elimu ya miamba, na nadhani hiyo ndiyo iliyomfungua macho. Mjuzi wa miamba akiuona ukingo wa mto uliokatwa na maji hasemi, "Huu ni udongo." Husoma: hapa palikuwa na mafuriko, hapa na majivu ya volkano, hapa na ukame. Paulcke aliisoma theluji vivyo hivyo. Alikata ukuta ndani yake, akaona kwamba kila dhoruba imeacha tabaka lake, na kila siku ya jua na kila usiku wa baridi kali vimeacha alama. Chini kabisa aliona mara kwa mara chembe kubwa zisizoshikana, zinazomwagika mkononi kama sukari. Mwingereza Gerald Seligman naye alifuata njia hiyo, akatoa mwaka 1936 kitabu kikubwa juu ya umbo la theluji.

Mwaka huo huo wa 1936 ndio ninaotaka tukae nao kidogo. Serikali ya Uswisi ilikuwa imeunda tume ya theluji na maporomoko mwaka 1931, na sasa wataalamu wachache walipanda mpaka Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos, mahali penye kimo cha zaidi ya mita 2,600, wakafanya kibanda cha theluji kiwe maabara yao. Mtu atacheka akisikia maabara ya theluji, walakini hapakuwa na njia nyingine, maana theluji haichunguziki katika chumba chenye moto. Miongoni mwao alikuwapo Robert Haefeli, mhandisi wa elimu ya udongo, aliyezoea kupima ukuta wa udongo utabeba nini kabla haujabomoka. Alikuwapo pia Henri Bader, mjuzi wa madini, aliyezoea kutazama fuwele, yaani zile chembe zenye pande na pembe kama za chumvi ya mawe. Mmoja aliuliza theluji ina nguvu gani. Mwingine aliuliza imeumbwaje. Maswali hayo mawili yalipokutana katika kibanda kimoja, elimu mpya ilizaliwa. Haefeli alitengeneza fimbo ya chuma yenye ncha, iliyopigwa kwa uzito unaodondoshwa juu yake. Kwa kuhesabu mapigo na kupima fimbo ilivyozama, aliweza kujua ugumu wa kila tabaka kutoka juu hata chini. Mwaka 1939 kundi hilo lilichapisha kitabu juu ya theluji na mageuzi yake.

Neno mageuzi ndilo la maana. Waligundua kwamba theluji iliyolala haikulala kweli kweli. Yageuka kila saa. Ardhi chini yake, kwa kuwa imefunikwa kama kwa blanketi, hukaa karibu na digrii 0, kipimo cha maji kuganda. Uso wa juu, usiku wenye nyota, huweza kushuka hata digrii 15 chini ya hapo au zaidi. Basi kati ya chini na juu pana tofauti ya joto, na tofauti hiyo huusukuma mvuke kupanda kutoka chembe za chini zenye joto kwenda chembe za juu zenye baridi. Mvuke ukipanda polepole, chembe huviringana na kushikana, na theluji hupata nguvu. Ukipanda kwa kasi, chembe hukua kubwa zenye pembe, nyingine kama vikombe vidogo, wala hazishikani. Hiyo ndiyo ile sukari ya Paulcke.

Sasa ni kasi gani? Wataalamu hukadiria kwamba hatari huanza tofauti ikifika kama digrii 10 kwa kila mita moja ya kina. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji. Theluji ya nusu mita, yenye digrii 0 chini na digrii 15 za baridi juu, ina tofauti ya digrii 30 kwa mita: chembe dhaifu zitaota upesi. Theluji ya mita mbili, kwa baridi ile ile, ina digrii saba na nusu tu kwa mita: itaimarika. Hapo ndipo wanafunzi wangu huanza kubishana nami, maana kila mmoja amekwisha kuamini kwamba theluji chache ni salama. Kumbe theluji chache ya mwanzo wa majira, ikifuatwa na majuma ya anga safi na baridi kali, ndiyo iundayo msingi mbovu. Na dhoruba kubwa za baadaye hujenga nyumba nzito juu ya msingi huo.

Liko tabaka dhaifu la aina nyingine, nalo huzaliwa juu, si chini. Watu wa Kinangop na Limuru waijua sakitu, ule umande ulioganda unaounguza majani ya chai na viazi alfajiri. Juu ya theluji sakitu hiyo huota kama manyoya madogo yaliyosimama wima, yenye kumetameta, na hakuna kitu kizuri kuliko hicho kukitazama. Siku ikifuata theluji mpya bila upepo wa kuyavunja, manyoya hayo huzikwa yakiwa yamesimama. Weka ubao mzito juu ya njiti za kiberiti zilizosimama, kisha uguse njiti mbili tatu: hizo zikianguka, uzito huenda kwa jirani zake, nazo huanguka, na kuendelea. Ndivyo ilivyo milimani. Ubao wetu ni bamba la theluji iliyoshikana, aghalabu iliyopangwa na upepo. Mtu akilivunja tabaka dhaifu chini ya miguu yake, ufa hukimbia ndani ya tabaka hilo kwa kasi kupita mbio za mtu yeyote, na bamba zima hubaki halina kitu cha kulishika. Ndiyo maana mtu aliye mahali tambarare, chini ya mlima, aweza kuliangusha bamba lililo juu ya kichwa chake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Taasisi ya theluji na maporomoko iliundwa mwaka 1942, na tangu Desemba 1945 ilianza kutoa matangazo ya hatari kwa umma. Huko Marekani nako, mahali paitwapo Alta katika jimbo la Utah, idara ya misitu ilianzisha baada ya vita kazi ya namna hiyo, na Monty Atwater alijulikana kwa kuyaangusha maporomoko makusudi kwa baruti kabla watu hawajapita.

Kisha yakaja majira ya baridi ya 1950 na 1951. Januari 20 na 21, na tena Februari, theluji ilianguka kwa wingi usio wa kawaida. Katika Uswisi walikufa watu 98, na katika Austria 135. Kijiji cha Vals kilipoteza watu 19. Mji wa Airolo ulipoteza 10. Baada ya msiba huo Waswisi walijenga safu kwa safu za vizuizi vya chuma na mbao juu ya vijiji, wakachora ramani za kukataza ujenzi palipo na hatari. Kazi hiyo ilifaa, ingawa haikuondoa hatari yote: tarehe 23 Februari 1999, poromoko liliua watu 31 katika Galtür, Austria, na baadhi ya nyumba zilizopigwa zilisimama mahali palipodhaniwa kuwa salama.

Lakini leo, kati ya watu wapatao 100 wanaokufa kila mwaka katika Alpi yote, wengi mno si wanakijiji. Ni wapanda milima na watelezaji wa skii waliotoka wenyewe kwenda mahali pasipo na vizuizi wala walinzi, na katika visa tisa kwa kila kumi bamba lilivunjwa na mmoja wao. Kwa watu hao ukuta wa chuma haufai kitu. Wao wahitaji kujua, wakiwa wamesimama pale pale na beleshi mkononi, kama chini yao pana tabaka dhaifu au hapana.

Basi huchimba. Hukata ukuta wima katika theluji, huutia vidole kuupima ugumu, hutazama chembe kwa lenzi. Kisha hujaribu nguvu. Mwaka 1987 Paul Föhn wa Davos aliandika maelezo ya jaribio la kukata bonge la theluji lenye upana wa mita mbili na urefu wa mita moja na nusu, mtu akapanda juu yake na skii zake, kwanza taratibu, halafu kwa kuruka, mpaka liteleze. Likiteleza kabla hajaruka, afadhali arudi nyumbani. Mwaka 2006 lilikuja jaribio jingine, la nguzo pana ya theluji inayopigwa kwa mkono upande mmoja, ili kuona kama ufa utavuka mpaka upande wa pili. Tena ziko dalili zisizohitaji beleshi: poromoko jipya kwenye mteremko wa jirani, nyufa zinazokimbia mbele ya miguu, na ule mshindo mzito wa chini kwa chini ambao ndio sauti ya tabaka dhaifu likiporomoka.

Hata hivyo wajuzi hawakupatana. Werner Munter, Mswisi, mwongoza wapanda milima, alikuja mwaka 1992 na hoja iliyowaudhi wengi. Shimo moja, alisema, laeleza habari za shimo hilo. Hatua 20 kutoka hapo theluji yaweza kuwa kitu kingine kabisa, kwa kuwa upepo, jua na mawe yaliyo chini havigawi sawa. Yeye alitaka watu wasome tangazo la hatari, wapime mwinamo wa mteremko, na wafuate mpaka uliowekwa. Tangu 1993 nchi za Ulaya zatumia ngazi tano za hatari. Na kwa hesabu nyepesi ya Munter, ngazi ya pili yataka mtu abaki chini ya digrii 40, ya tatu chini ya 35, ya nne chini ya 30. Sababu ni kwamba chini ya digrii 30 mabamba huteleza kwa nadra.

Mimi naona Munter alishinda nusu ya shauri. Kanuni yake imewazuia wengi ambao wangejidanganya kwa shimo lililochimbwa mahali pazuri. Lakini tangazo analotaka tulisome laandikwa na nani, na kwa habari zipi? Wako watu wanaotumwa kuchimba. Katika uwanja wa vipimo wa Weissfluhjoch ukuta wa theluji hukatwa na kusomwa kila majuma mawili, baridi hata baridi, tangu 1936. Tena ifahamike kwamba karibu nusu ya vifo hutokea siku za ngazi ya tatu, si ya tano. Siku ya ngazi ya tano dhoruba yenyewe humfungia mtu mlango. Siku ya tatu jua limewaka, theluji yang'aa, na tabaka dhaifu limefunikwa vizuri.

Na kulijua tabaka hilo si kuwa salama nalo. Tarehe 20 Aprili 2013, katika jimbo la Colorado, Marekani, watu sita waliondoka kwenda kuteleza karibu na mahali paitwapo Loveland Pass. Ilikuwa siku ya mkutano wa kukusanya fedha kwa ajili ya usalama dhidi ya maporomoko. Walikuwa wamelisoma tangazo la asubuhi, lililoonya juu ya mabamba mazito yaliyokaa juu ya chembe dhaifu za chini kabisa katika miteremko ya upande wa kaskazini. Waliuona mteremko wa namna hiyo mbele yao, wakaujua kwa sura. Hawakukusudia kuuteleza, walitaka kupita chini yake tu, ili waufikie mteremko mwingine wenye usalama zaidi. Wakaachiana nafasi kati ya mtu na mtu, kama walivyofundishwa, wakashika njia ya kwenda kwenye kichaka cha miti kilichoonekana kuwa mahali pa kujihifadhi. Bamba lilivunjika juu yao, likawafunika wote sita. Alitolewa hai mmoja. Tabaka lililovunjika lilikuwa lile lile lililotajwa katika tangazo, nalo lilikuwa limekaa karibu na ardhi tangu mwanzo wa majira.